Kuomba dhamana Kenya, hatua kwa hatua: kwa jamaa za mshtakiwa na kwa waliodhurika

Simu inaingia usiku: kaka amekamatwa. Kabla mtu hajauliza kosa ni lipi, kundi la WhatsApp la ukoo limeshafunguliwa na michango imeanza kuingia kwa M-Pesa. Pesa huenda zikahitajika, lakini si pesa zinazomtoa mtu rumande. Hakimu anapoamua dhamana ana maswali mawili ya kujibiwa. Huyu akiachiliwa, atarudi siku ya kesi? Na akiwa nje, kuna mtu atakayedhurika? Kiasi hupangwa baada ya hapo. Jamaa wanaoingia kortini na laki mbili mfukoni bila majibu ya maswali hayo huweza kutoka na laki zao mbili, na kaka akapanda lori la kwenda gereza la Shimo la Tewa.

Maswali hayo hayo ndiyo tegemeo la upande wa pili: mama ambaye bintiye amenajisiwa na jirani, mke aliyepigwa, shahidi anayeishi ploti moja na mshtakiwa. Hawa nao wana haki ya kusikizwa kuhusu dhamana, na wengi hawajui. Ndiyo maana mwongozo huu ni wa pande zote mbili. Ukiwa umedhurika, usiruke hatua za mwanzo. Utahitaji kujua upande wa pili unajiandaa vipi.

Sheria inasema nini

Kabla ya Agosti 2010, aliyeshtakiwa kwa mauaji, uhaini au wizi wa mabavu hakuwa na dhamana hata kidogo. Alikaa ndani mpaka kesi iishe, na kesi za mauaji Kenya haziishi leo wala kesho. Katiba ya 2010 iliondoa marufuku hiyo. Kifungu cha 49(1)(h) kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuilia. Hakuna kosa lililotengwa. Anayetakiwa kuthibitisha sababu hizo ni upande wa mashtaka. Mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba anastahili kutoka.

Hapa wasomaji wa Tanzania wasichanganyikiwe. Ukivuka Lunga Lunga ukaingia Horohoro, sheria inabadilika. Huko mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha, miongoni mwa mengine, hayana dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kuiondoa marufuku hiyo baada ya Mahakama Kuu kusema inakiuka Katiba. Haya yafuatayo ni ya Kenya.

Hatua ya kwanza: kituoni

Nenda mwenyewe, usipige simu tu. Ukifika kwenye kaunta uliza mambo manne na uyaandike: namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kosa analoshukiwa, jina la afisa mpelelezi na namba yake ya simu, na siku atakayopelekwa kortini. Ongea kwa adabu. "Afande, shikamoo, nimekuja kumuona ndugu yangu, naomba namba ya OB" humfikisha mtu mbali kuliko kupayuka kuhusu haki za binadamu, hata kama haki iko upande wako.

Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Mwambie asiandikishe maelezo ya kukiri kabla ya kuongea na mtu anayejua sheria. Akiwa anatumia dawa za sukari, pumu au za virusi, zipeleke siku hiyo hiyo na umwombe afisa aandike kwenye OB kwamba zimepokelewa.

Kwa makosa mengi, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia hapo hapo kwa bondi ya polisi au kwa dhamana ya pesa taslimu. Bondi ya polisi ni karatasi ya ahadi, na ni bure. Vituo vingi vimebandika tangazo la kusema hivyo ukutani, wakati mwingine juu ya kichwa cha yule yule anayekuomba elfu tano "za karatasi". Pesa taslimu ikitakiwa, lipa, lakini udai risiti ya serikali yenye jina lako na kiasi kamili. Bila risiti hiyo hujaweka dhamana. Umempa mtu pesa.

Kwa mauaji, uhaini, wizi wa mabavu na jaribio lake, polisi hawana mamlaka ya kutoa dhamana. Usipoteze usiku ukimbembeleza mkuu wa kituo. Anayekwambia atakusaidia kwa makosa hayo anakutapeli.

Hatua ya pili: saa 24, na ombi la kumzuilia

Lazima afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24 tangu kukamatwa. Saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, hupelekwa siku inayofuata ya korti. Ndiyo maana wengi hukamatwa Ijumaa jioni: mtu analala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Ukijua hilo mapema, tumia wikendi kukusanya karatasi za hatua ya tatu.

Akifikishwa, si lazima awe anashtakiwa siku hiyo. Mara nyingi polisi huja na ombi la kumzuilia kwa siku kadhaa zaidi ili wamalize uchunguzi. Hapa jamaa wengi hunyamaza wakidhani zamu yao haijafika. Imefika. Katiba inasema dhamana ni haki ya anayesubiri kushtakiwa pia. Omba nakala ya hati ya kiapo ya mpelelezi, uisome, uangalie anataka siku za nini. Akisema anangoja ripoti ya simu kutoka kampuni ya mawasiliano, jibu ni kwamba ripoti hiyo itakuja hata mshukiwa akiwa nyumbani. Akisema kuna shahidi ambaye bado hajaandikisha maelezo na anaishi nyumba moja na mshukiwa, hiyo ni hoja yenye uzito, nanyi mje na jibu lake: kwamba mshukiwa atahamia kwa shangazi Kilifi mpaka shahidi aandikishe.

Kwa ugaidi hali ni nyingine. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu korti kuongeza muda wa kuzuiliwa kwa kipindi kirefu zaidi. Kwa washukiwa wa Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa kanisa walikufa kwa njaa, polisi walirudi tena na tena katika korti ya Shanzu kuomba muda baada ya kukamatwa kwao kuanzia Aprili 2023, huku makaburi yakiendelea kufukuliwa msituni, hadi Januari 2024 hakimu alipowapa waendesha mashtaka siku 14: washtakini au waachiliwe. Wakashtakiwa. Hata palipokuwa na maiti kwa mamia, kulikuwa na mpaka.

Kwa mauaji jiandae kwa jambo jingine: kabla ya kusomewa mashtaka Mahakama Kuu, mshtakiwa hupelekwa kupimwa akili, na suala la dhamana kwa kawaida husubiri mpaka ajibu mashtaka. Ni siku kadhaa, pengine wiki. Si ishara kwamba dhamana imekataliwa.

Hatua ya tatu: kuonyesha kwamba mtu ana mizizi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo jamaa wengi hulala.

Kukimbia hakupimwi kwa sura ya mtu. Kunapimwa kwa kile atakachokiacha nyuma akikimbia. Mtu mwenye nyumba, mke, watoto shuleni, kazi na mama mgonjwa ana mengi ya kumrudisha. Kijana aliyekuja mjini miezi mitatu iliyopita, analala kwa rafiki na hana kitambulisho, huonekana kama mtu wa kupotea hata kama moyoni hana nia hiyo. Kwa hiyo leteni karatasi: nakala ya kitambulisho, mkataba wa nyumba au barua ya mwenye nyumba, barua ya chifu au naibu wake, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, barua ya shule za watoto, na karatasi za hospitali kama kuna ugonjwa. Dereva wa bodaboda alete barua ya mwenyekiti wa stendi. Mvuvi alete ya kamati ya ufuo wake. Korti zimezizoea.

Barua ya chifu iwe na maneno yenye uzito. "Namjua kama mkazi mwema" haisaidii kitu, maana kila chifu ameiandika mara elfu. Inayosaidia ni ile inayosema anaishi kijiji fulani tangu mwaka fulani, kwenye boma la baba yake, na kwamba chifu anaweza kumpata akihitajika.

Kisha kuna afisa wa probesheni, mtumishi wa serikali anayeichunguzia korti hali ya mshtakiwa. Katika kesi nzito, na hata nyingine za kawaida, hakimu huagiza ripoti kabla ya kuamua dhamana. Afisa atafika nyumbani, ataongea na familia, chifu, wazee wa Nyumba Kumi, majirani, na ataongea na mlalamishi pia. Ripoti hiyo haimfungi hakimu, lakini nimeona mara nyingi uamuzi ukiifuata karibu neno kwa neno.

Mpokeeni afisa kama mgeni wa heshima, na msimdanganye. Akiuliza kama mshtakiwa amewahi kukamatwa na aliwahi, semeni ndiyo, mweleze ilikuwaje na iliishaje, kwa sababu atakuta rekodi. Akiuliza mtu huyu atakaa wapi akiachiliwa, mwe na jibu la mahali halisi na mtu halisi anayekubali kumpokea. Hapo ndipo ripoti nyingi huharibika: shangazi ametajwa, afisa anampigia simu, shangazi anasema "mimi sijaulizwa." Na mkiwa na jirani mliyekosana naye kwa mpaka wa shamba, mtajeni mapema. Afisa akikuta jirani anamchukia mshtakiwa bila kujua kisa, ataandika kwamba jamii haimtaki.

Jambo la mwisho hapa, na ni zito. Msiende kwa mlalamishi kuomba msamaha, kuleta mbuzi au kuwatuma wazee wakati dhamana haijaamuliwa. Nyinyi mtaona ni heshima. Yeye ataona ni vitisho, na upande wa mashtaka utaita ni kuingilia mashahidi. Nia njema ya baba mzee imewahi kumweka mwanawe ndani mwaka mzima.

Hatua ya nne: siku ya kuomba

Mwendesha mashtaka anaweza kusimama na kusema tu, "Mheshimiwa, tunapinga dhamana, kosa hili ni baya sana." Hiyo peke yake haitoshi. Uzito wa kosa huzingatiwa, kwa hoja kwamba adhabu kubwa humpa mtu sababu kubwa ya kukimbia, lakini ni kipimo kimoja kati ya vingi. Kifungu cha 123A cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataja pia tabia na mahusiano ya mtu katika jamii yake, nguvu ya ushahidi, na kama aliwahi kupewa dhamana akatoroka. Mwongozo wa sera ya bondi na dhamana wa 2015, uliotolewa na Mahakama, unaongeza hatari kwa waliodhurika na umma, kuvuruga mashahidi na ushahidi, kutenda kosa jingine zito, na usalama wa taifa. Kila moja ya hizo inahitaji kitu cha kuishikilia: ujumbe wa simu wa vitisho, rekodi ya kutoroka, taarifa ya OB. Fununu si ushahidi, na wakili akiwepo asisite kusema hivyo.

Asipokuwa na wakili, mshtakiwa azungumze mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa ufupi, akijibu yale maswali mawili. Mfano:

"Mheshimiwa, naomba dhamana. Ninaishi Bombolulu na mke wangu, yuko hapa kortini na barua ya mwenye nyumba. Naendesha tuktuk. Sina pasipoti. Mlalamishi ni jirani yangu, kwa hivyo nitahamia kwa mjomba wangu Mariakani mpaka kesi iishe, na mjomba yuko hapa. Tunaweza kupata shilingi elfu thelathini."

Angalia sentensi hiyo ya mwisho. Wengi huogopa kutaja kiasi wakidhani ni ukosefu wa adabu. Usiogope. Hakimu hana njia ya kujua uwezo wenu msipomwambia, na sheria inamtaka asiweke kiasi kinachopita kadiri. Dhamana ya laki tano kwa mpakuzi wa mizigo bandarini ni kunyimwa dhamana kwa jina jingine.

Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, kifungu cha 49(2) cha Katiba kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa hilo. Mkumbushe hakimu. Korti yenye washtakiwa wengi asubuhi moja huweza kupitwa na hilo.

Hatua ya tano: masharti, malipo na mdhamini

Karani anaposoma uamuzi, sikilizeni kwa makini, maana kuna aina tatu na watu huzichanganya. Dhamana ya pesa taslimu ni pesa halisi inayowekwa kortini. Bondi yenye mdhamini haimtaki mtu atoe pesa: mdhamini anaweka mali au mshahara wake rehani kwa ahadi kwamba mshtakiwa atakuja. Bondi ya mtu mwenyewe, ambayo watu huiita bondi ya bure, ni sahihi ya mshtakiwa tu. Mara nyingi uamuzi hutoa chaguo: "bondi ya shilingi laki tano na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au pesa taslimu laki moja." Familia ikisikia laki tano huanza kulia, kumbe hakuna aliyeombwa laki tano mkononi.

Pesa taslimu hulipwa kwa njia rasmi za Mahakama, kwa simu au benki, kwa namba ya malipo inayotolewa na masijala. Hazilipwi kwa mtu, awe karani, askari wa korti au "wakili" mliyekutana naye chini ya mwembe. Risiti itoke kwa jina la mwenye pesa. Michango ikiwa ya watu wengi, kubalianeni kabla ni jina la nani, maana huyo ndiye atakayerudishiwa.

Mdhamini aje yeye mwenyewe na kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha za pasipoti, na hati ya mali: hatimiliki ya shamba pamoja na upekuzi wa karibuni na ripoti ya thamani yake, au logibuku ya gari, au stakabadhi za mshahara na barua ya mwajiri. Atahojiwa kwa kiapo. Anamjuaje mshtakiwa, anaishi wapi, anaelewa nini kitatokea mtu akitoroka? Shamba likiwa la familia, mwenzi wake aje pia. Kukagua hati kunaweza kuchukua siku kadhaa, na hizo ndizo siku zinazowaudhi watu kuliko zote, kwa sababu dhamana imeshatolewa na mtu bado yuko ndani. Anzeni upekuzi wa ardhi kabla ya uamuzi, msingoje.

Kila korti kubwa ina watu wanaokodisha hatimiliki. Wanajulikana, na makarani waaminifu wanawajua zaidi. Hati zao hugongana, hutumika katika kesi tatu kwa wakati mmoja, au ni bandia, na siku zinapogunduliwa dhamana hufutwa na kesi mpya ya ulaghai huzaliwa.

Ukiombwa uwe mdhamini

Usitie sahihi kwa haya. Mtu akikosa kufika, hakimu hutoa kibali cha kumkamata na kukuita wewe ueleze kwa nini bondi isichukuliwe. Sababu ikikosekana, unadaiwa kiasi chote. Ukishindwa kulipa mali yako huweza kuuzwa, na sheria inaruhusu hata kifungo cha hadi miezi sita. Lakini una mlango wa kutokea. Ukianza kuona dalili, simu haipatikani, vyombo vinauzwa, mtu anauliza nauli ya kwenda Juba, nenda kortini haraka uombe kuondolewa kwenye bondi. Hakimu atamwita au atamkamatisha mshtakiwa, na yeye atatafuta mdhamini mwingine. Kufanya hivyo si usaliti. Ni jambo lililoandikwa kwenye sheria yenyewe.

Ukiwa wewe ndiye uliyedhurika

Jambo la kwanza la kumeza ni kwamba dhamana si hukumu. Akiachiliwa leo, kesi haijaisha wala hajasafishwa. Najua wiki ya kwanza ya kumuona akipita barabarani ni chungu, na majirani watasema "amehonga". Pengine hakuhonga.

Jambo la pili ni kwamba unaweza kufanya mengi zaidi ya kungoja. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wako na wa familia yako uzingatiwe wakati masharti ya dhamana yanapangwa. Lakini hakimu hasomi mawazo. Mwone mwendesha mashtaka asubuhi kabla ya kesi kutajwa, mweleze kwa mambo halisi: anaishi mita ngapi kutoka kwako, amewahi kusema nini, kwa nani, lini, nani alisikia. Hifadhi jumbe za simu, usizifute kwa hasira. Afisa wa probesheni akikupigia, muone. Watu wengi waliodhurika humkwepa wakidhani ni mtu wa mshtakiwa, na ripoti inaandikwa bila sauti yao.

Usiombe tu "anyimwe dhamana". Hilo ni ombi gumu kukubaliwa, na likikataliwa unabaki mikono mitupu. Omba pia masharti, moja moja, yanayolingana na hofu yako: asikaribie nyumba yako, shule ya mtoto wala kazini kwako; asikupigie wala kumtuma mtu; ahame ploti kama mnaishi pamoja; aripoti kwa mpelelezi kila wiki; akabidhi pasipoti; asimiliki silaha. Katika kesi za unajisi wa ndani ya ukoo, sharti la kuhama ndilo muhimu kuliko kiasi chochote cha pesa. Mjomba aliyelipa laki tatu na kurudi kulala chumba cha pili na mtoto ni hatari kuliko aliyetoka kwa bondi ya bure akapelekwa mji mwingine.

Kwamba masharti yanaweza kuuma kweli, magavana wanajua. Mnamo Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliidhinisha sharti la kumzuia Gavana wa Samburu wakati huo, Moses Lenolkulal, kuingia ofisini mwake bila ruhusa akiwa nje kwa dhamana katika kesi ya ufisadi. Mwaka huo huo sharti la aina hiyo lilimfuata Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi. Wote walikuwa na pesa za kulipa dhamana. Kilichozuiwa ni nafasi ya kuwatisha wafanyakazi walio mashahidi na kugusa nyaraka. Kwangu mimi huo ndio usalama wa umma unaofanya kazi: unatazama mtu anaweza kumdhuru nani, kisha unaziba mlango huo.

Akivunja sharti lolote, hata kwa ujumbe wa "habari yako", mwambie mpelelezi siku hiyo hiyo na uandikishe OB. Upande wa mashtaka unaweza kuomba dhamana ifutwe. Malalamiko ya mdomo yasiyo na namba ya OB hupotea. Ukiwa kwenye ndoa au uhusiano wa ukatili, unaweza pia kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, bila kungoja kesi ya jinai. Shahidi anayehofia maisha yake aelekezwe kwa Shirika la Ulinzi wa Mashahidi kupitia mwendesha mashtaka au polisi. Kwa msaada wa haraka, 1195 ni simu ya bure kwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Dhamana ikikataliwa, au ikiwa kubwa mno

Mlango haujafungwa. Unaweza kurudi kwa hakimu yule yule hali ikibadilika: shahidi aliyehofiwa ameshatoa ushahidi, mshtakiwa amepata mahali pa kuishi, ugonjwa umezidi, kesi inaburutwa bila kosa lake. Hoja ya shahidi aliyekwisha kusikizwa hufanya kazi kuliko zote, kwa hiyo hesabu mashahidi. Unaweza pia kwenda Mahakama Kuu, ambayo chini ya kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ina uwezo wa kutoa dhamana au kupunguza kiasi. Kwa asiye na wakili, uliza ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, shirika la Kituo Cha Sheria, au, kwa wanawake, FIDA, chama cha mawakili wanawake. Mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupewa wakili na serikali.

Upande wa mashtaka nao unaweza kwenda juu. Lakini mshtakiwa hazuiliwi kwa sababu tu wamekata rufaa. Bunge lilijaribu kuweka kanuni ya namna hiyo kwenye sheria za usalama za Desemba 2014, na Mahakama Kuu ikaitupa Februari 2015.

Akishatoka

Andika tarehe ya kutajwa kwa kesi kwenye simu za watu watatu. Wengi hawatorokei popote. Husahau, au husikia "tarehe ishirini na nne" wakati ni ishirini na mbili. Akiugua, peleka barua ya hospitali kortini siku hiyo asubuhi, si wiki ijayo. Kibali cha kumkamata kikishatolewa, ajipeleke mwenyewe haraka, kabla ya polisi kumfuata. Hakimu hutofautisha sana kati ya aliyekuja na aliyeletwa. Akitaka kusafiri nje ya nchi, aombe ruhusa kwanza na aonyeshe tiketi ya kurudi.

Kesi ikiisha, iwe ameachiliwa au amefungwa, pesa zilizowekwa hurudishwa kwa aliyeziweka, alimradi masharti yalitimizwa. Kama adhabu ni faini, mwenye pesa anaweza kuomba zigeuzwe kuwa faini. Kuzidai peleka risiti ya asili, nakala ya kitambulisho, maelezo ya akaunti ya benki na namba ya kesi, na mwombe hakimu atamke amri ya kurudisha dhamana siku ile ile ya hukumu, kabla hajainuka. Ukisahau, utaandika barua ya maombi na kulisubiri faili litoke masijala. Mdhamini naye adai hatimiliki yake kwa amri hiyo hiyo. Risiti ya asili ikipotea itabidi uape hati ya kiapo na upate taarifa ya polisi, kwa hiyo ipige picha siku unayoipokea.